Saini ya Kutokea

Jumatatu, 3 Machi
Mhasibu mmoja, mteja wangu, alileta suruali kupunguzwa, akaikuta taarifa ya mfuko wetu wa uwekezaji kwenye meza ya kukatia. Akaisoma bila kuombwa — ndivyo walivyo! Akauliza, mama, unajua mnakatwa asilimia nne kila mwaka, mpate msipate? Nikamjibu hayo anayajua shemeji yangu, ndiye wakala aliyetuingiza. Akacheka. Akaona sicheki. Anasema ipo mifuko ambayo makato yake hata nusu asilimia hayafiki.
Miaka tisa! Mume wangu kapiga randa, mbao wamechukua wao, sisi tumebakiziwa maranda.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mzee, mume wangu. Tangu apooze upande wa kulia hasemi, anaitikia kwa kichwa. Pesa ile ndiyo ya mazoezi yake ya viungo. Mazoezi yakikatika, daktari alishasema, mwili utaganda hivyo hivyo. Nikamwambia tuhamie mfuko wa bei nafuu. Akaitikia. Nikamwambia mdogo wako atakosa kamisheni. Akafumba macho. Kamlea huyo tangu anaota meno! Mwishowe akaitikia tena, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisini kwa hao watu wa mfuko. Dada wa kaunta, kucha ndefu, sauti tamu. Akaiweka fomu yetu kando ya ile ya zamani. Saini ya mzee haifanani. Kweli haifanani, hata mimi nisingeipitisha. Nikasema mkono wake umekufa. Pole sana mama, lakini lazima ifanane. Tumebakiwa na nafasi moja. Wakiikataa tena, akaunti inafungwa mpaka amri ya mahakama.
Mahakama! Mimi wa kushona sare za shule!

Jumatatu, 10 Machi
Mzee anajifunza upya saini yake, kwa kushoto. Nimempa chaki yangu na karatasi za patani, zile ninazopimia nguo. Herufi ya kwanza inatoka, mkia unakwenda mrama. Leo kaitupa chaki ukutani. Nikamtania: fundi gani wewe, kitanda ulichonga kwa kukadiria, leo mkia wa herufi unakushinda? Akacheka upande mmoja. Halafu akalia. Na mimi nikalia.

Jumatano, 12 Machi
Haifanani.

Ijumaa, 14 Machi
Mjinga mimi! Nimempigia shemeji, nikamweleza yote, nikidhani atatuombea kwa wakubwa zake. Damu nzito kuliko maji, si ndivyo wanavyosema? Akasema: shemeji, usihangaike, kesho nakuja na suluhisho.
Sijalala vizuri. Moyo unaniambia nimemwita fisi aje kulinda mbuzi.

Jumamosi, 15 Machi
Kaja na machungwa na shati jipya la kaka yake. Na fomu. Si ya kutoka — ya kuhamia mfuko mwingine wa kampuni ile ile. Makato asilimia sita, na hutoki mpaka miaka mitano ipite. Hii haitaki saini, anasema huku anachekelea. Hata yangu mimi mkewe haitakiwi. Kidole gumba cha kaka kinatosha, wakala ndiye shahidi.
Nikamuuliza: yaani kuingia kidole, kutoka saini?
Shemeji, utaratibu ni utaratibu.
Nikamwambia mzee, usikubali! Lakini mdogo wake kashaanza hadithi za utotoni, ulivyokuwa ukinibeba mgongoni, kaka, unakumbuka? Mzee akatabasamu. Nilipoliona tabasamu lile nikashindwa kuendelea kukataza. Shemeji akamshika mkono — ule wa kulia, uliokufa — akafungua kidau cha wino. Mkono ule mzee hawezi kuuvuta hata akitaka. Shemeji akaniagiza kitambaa cha kufutia.
Niko chumbani. Vitambaa vimejaa hapa, mimi fundi cherehani. Naandika tu ili nisirudi kule.
Ananiita. Shemeji, basi, acha kitambaa, kidole tumeshaweka, tunafuta kwa gazeti.
Mzee anagonga meza. Huo ni mkono wa kushoto, naujua. Anagonga. Anagonga kwa nguvu —