Maiti Hana Chama

Nkololo, Bariadi

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mguu umeshapona, na Mama anapanda mlima kwenda kwenye kahawa bila kushika kiuno. Huku tu wazima. Mvua zimewahi na pamba imeota vizuri. Mume wangu Masanja amekwenda Malampaka kumpokea mdogo wake anayeshuka kwenye treni, kwa hiyo leo naandika bila mtu wa kunichungulia begani.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara nyingi. Uliandika kwamba mtoto wa katekista hapandi majukwaani, nichague moja, kwaya au siasa. Sikujibu kwa sababu kampeni zilikuwa zimeshaanza, nami sikujua niseme nini. Sasa najua.

Tangu vyama vingi viruhusiwe, huku kumechangamka. Wanunuzi binafsi wa pamba wanakuja na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na watu wamezoea kuuliza maswali. Mimi niliuliza moja tu, kwenye mkutano wa chama kipya: kwa nini wanawake wa Nkololo tunachota maji bwawa moja na ng'ombe? Wakaniambia basi gombea udiwani, ukaulize huko. Nikagombea. Niliyeshindana naye ni Mzee Sayi, diwani wa chama tawala, ambaye pia ni mwenyekiti wa kigango chetu. Ndiye aliyenikaribisha kwenye kwaya nilipoolewa huku, sijui hata salamu ya Kisukuma.

Kigango kikapasuka. Kanisani watu wa chama hiki walikaa kulia, wa kile kushoto, na wakati wa kupeana amani kila mtu alitazama sakafu. Vijana wa chama changu wakataka kwaya ije kuimba kwenye mkutano wangu, imevaa sare. Nikawaambia sare ile ni ya kanisa, si yangu, na nusu ya waimbaji ni watu wa Mzee Sayi. Nikaachia ualimu wa kwaya mpaka uchaguzi upite. Nilidhani hapo nimekutii nusu, Baba.

Kampeni zilipokaribia kwisha, mama yake Mzee Sayi akafariki. Maziko yakaangukia siku ya gulio, siku ya mkutano wetu mkubwa, ambao viongozi wa chama walikuwa wanaujia kutoka Bariadi mjini. Vijana wetu wakapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba asiende mtu msibani, wazikane wenyewe. Huku, kukataa kumchimbia jirani kaburi ni sawa na kumfukuza kijijini.

Asubuhi nilikuwa nimeshavaa kwa ajili ya mkutano, nimekaa kitandani, nguvu ya kuinuka sina. Mama mkwe akaingia na ndoo mbili. Yeye hajabatizwa, bado anawatambikia wazee wake, na chama hana. Akanitazama, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, maiti hana chama. Beba maji twende."

Tukapita katikati ya gulio, yeye mbele, mimi nyuma. Vipaza sauti vilikuwa vimeshafungwa jukwaani. Kiongozi wa vijana akanizibia njia, akasema nikienda kule nimetupa kura zote.

Nikamjibu, "Kura ni zenu, mkitaka ninyimeni. Yule mama nitamzika."

Maji yalinimwagikia mabegani njia nzima. Tulipokaribia kwa Mzee Sayi nikasikia watu nyuma yangu. Walikuwa wanawake wa gulio, na wao na ndoo zao. Baadaye wakaja wanaume na majembe, na wa mwisho kabisa yule kiongozi wa vijana, akaingia kaburini akachimba.

Padri alikuwa safarini. Waimbaji walisimama makundi mawili, hakuna wa kuanzisha. Mzee Sayi akanijia mbele ya watu wote, macho mekundu, akasema, "Mwalimu, mwimbie mama yangu." Nikaanzisha kwa Kisukuma. Pande zote mbili zikaitikia, na mimi nikalia huku naimba.

Uchaguzi nilishindwa, Baba, ila si kwa mbali. Viongozi wa mjini wananilaumu mpaka leo, na Masanja amekataa kuniambia kura yake alimpa nani. Mzee Sayi alikuja nyumbani kunishukuru, "Wabeja, mayu." Nikamkaribisha maziwa, nikamwambia habari ya bwawa bado nitaisema. Nikaisema, kwenye mkutano wake wa kwanza wa kijiji, tukabishana mbele ya watu mpaka jasho likatutoka. Jumapili tukapeana amani. Wapo ambao bado hawasalimiani, lakini kwaya imenirudisha, na visima viwili vimeahidiwa. Nitavifuatilia.

Ulinifundisha kuomba ufalme wake uje. Siwezi kuuomba kanisani halafu nikanyamaza bwawani. Ndiyo maana sikuchagua moja, Baba, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Msalimie Mama, na kaka Deo kwenye chama cha ushirika, mwambie asigombane na watu kwa ajili ya bendera. Shangazi mtawa aniombee. Mdogo wangu wa mwisho aendelee na shule.

Mimi binti yako,
Yustina,
mwalimu wa kwaya na katibu wa tawi la chama.