Fomu ya Fukusi Imelala Kwenye Mtoto wa Meza

Mpendwa mshauri, kabla ya yote nakusihi unifichie kila neno linaloweza kunitambulisha, maana hapa Tukuyu watu tunajuana na mimi ni mwoga.

Naomba msaada kwa sababu nimeficha fomu ya mtu kwenye mtoto wa meza yangu. Mimi ni karani katika kituo cha utafiti wa mazao, na mwenye fomu ni Ndugu Hezron, mtafiti kijana anayechunguza fukusi, wadudu wanaotoboa migomba, kule Ikuti, na kuna mfuko wa fedha unaowasaidia watafiti wanaoanza kazi washirikiane na wenzao wa nchi nyingine, yaani yeye aende India miezi sita kwa mtafiti ambaye wameandikiana barua mwaka mzima, kisha huyo naye aje huku, na fomu inataka mkuu wa kituo atie sahihi mbele ya karani, karani agonge mhuri papo hapo. Lakini mkuu wetu mpya, aliyehamia mwezi uliopita, ni baba wa mchumba wangu, ng'ombe wameshafika kwetu, na kwa mila yetu Wanyakyusa siruhusiwi kumtazama mkwe wala kutamka jina lake, naye akipita hukohoa kwanza ili nijifiche. Mafaili mengine hupelekwa na mzee Nsajigwa, tarishi wetu, ila hii haipelekwi na tarishi.

Kila asubuhi Hezron huchungulia dirishani.

"Ndugu Karani, fukusi wangu wameruhusiwa kusafiri?"

"Bado. Mkuu anaitazama."

"Mwambie asiitazame sana, itaiva kama ndizi!"

Hucheka, nami hucheka, na ni uongo, Mkuu hajaiona. Ukungu unaposhuka kutoka Mlima Rungwe na dirisha likawa jeupe, huwaona watafiti wawili, Hezron na yule wa India, wameinama chini ya migomba, wakifunua vipande vya mgomba vilivyotegwa usiku na kuhesabu fukusi, wakizungumza polepole kama watu waliokua pamoja, kisha ukungu unafunguka na hakuna mtu. Zimebaki wiki tatu mwisho wa kupokea fomu ufike. Je, niseme ukweli nichekwe kwenye mkutano wa tawi la chama kuwa msomi mshamba, au niingie nivunje heshima ya nyumba ninayokwenda kuolewa?

Usiniandikie ofisini. Tumia bahasha mbili, ya nje iandikwe Bi Arafa, mwuza khanga, Ibighi. Ya ndani usiandike kitu, yeye atajua.

Karani mwoga

JIBU

Binti yangu, majina nimeyabadili na duka nimelihamisha, kwa hiyo pumua. Nakala ya jibu hili imetangulia kwa posta.

Nakuhurumia. Kumheshimu mkwe si ushamba, na atakayekucheka mkutanoni naye ana wakwe. Lakini "Mkuu anaitazama" hukufundishwa na mila yoyote. Hilo umelitunga mwenyewe, na unamlisha kijana wa watu kila asubuhi. Ndoto zako ni nzuri mno, ndiyo maana umekaa kitako ukiziangalia huku siku zinakwisha.

Tena mkweo anakohoa! Anaijua mila hiyo kuliko wewe, na anabeba upande wake. Kwa nini ujitwishe yote?

Kesho Hezron akichungulia, mpe fomu, mwambie ukweli wote, umwombe radhi. Aingie nayo kwa Mkuu, aeleze kilichoichelewesha, na Mkuu aamue: aazime karani wa ofisi nyingine, au atafute njia yake. Hiyo ndiyo kazi ya mkuu. Hezron akikukasirikia, ana haki. Msikilize mpaka amalize, usilie.

Kisha fomu ikishatiwa sahihi na mhuri, bahasha yake uipeleke posta wewe mwenyewe, uisajili, na risiti umkabidhi Hezron mkononi.