Machela ya Shedrack na Zamu ya Jumatano

Karakana ya Elimringi,
Soweto, Moshi.
7 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Shedrack,

Habari za joto la Francistown? Ule mguu wako unaovimba umepona, au bado unaufunga kitambaa na kujidai mzima? Mwambie shemeji Ruth namsalimu sana na namwonea huruma, maana wewe si mgonjwa mtiifu. Sisi huku tunapumua. Mama ana nguvu za kutosha kunigombeza, na nadhani hiyo ndiyo dawa inayomweka. Mke wangu Hilda ameugua malaria mara mbili tangu Pasaka, lakini sasa anakwenda sokoni mwenyewe.

Mvua zile walizoziita El Nino zimekatika, ila zimeondoka na mengi. Kule kihambani Old Moshi migomba yote ya upande wa korongo imelala chini, na mfongo wetu umebomoka mahali patatu, maji ya mlimani hayafiki tena shambani. Niliita watu waje kuuchimba, wakaja wanne. Enzi za Baba, mzee wa mfongo akiita, walikuja arobaini na majembe yao. Siku hizi kila mtu ananunua bomba lake.

Sasa nisikuzungushe. Katika barua yako ya kwanza kutoka huko ulinikataza kulitaja jina la Wenseslaus, na nimekutii karibu miaka mitatu. Leo nalitaja. Wenseslaus anaumwa ini. Tumbo limejaa maji, na daktari amemwambia mkewe, Margareta, ampikie chochote anachokitamani. Unajua maana yake daktari akisema hivyo.

Nakuomba umwandikie kabla hajaondoka. Najua hutamwandikia mpaka nikuambie jambo nililolificha, kwa hiyo nakuambia. Mchoro wako wa machela hakuuuza Wenseslaus. Niliutoa mimi.

Nimeandika mstari huo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Uisome barua hii mpaka mwisho, ndipo uichane.

Unakumbuka tulivyokuwa mwaka 1994. Milango ya biashara imefunguliwa, bidhaa za nje zimejaa madukani, na sisi wenye karakana ndogo tunafunga mmoja baada ya mwingine. Ndipo akaja yule afisa wa jeshi akasema wanatafuta vifaa vilivyobuniwa na watu wa hapa, na kwamba karakana za mikoa hii zikishikana zitapewa nafasi ya kushindana. Akasema hata majirani wanaweza kununua, maana habari za ushirikiano wa Afrika Mashariki zilikuwa zimeanza kurudi midomoni. Tukaunda Umoja wa karakana kumi na moja. Mabomba yalikatwa Arusha, turubai likashonwa Tanga, bawaba zikawa za Wenseslaus, kuunganisha kwangu.

Na kitu chenyewe kilitoka kichwani mwako. Machela ya kukunja yenye gurudumu moja, ambayo watu wawili wanaweza kumshushia majeruhi mlimani. Uliibuni baada ya ile siku tuliyomshusha Baba kwa kitanda cha kamba, tukateleza naye mara mbili. Sijawahi kukuambia kwamba nilijivunia. Nilikuambia tu kwamba mistari yako haijanyooka.

Mlinichagua mwenyekiti kwa kuwa Baba aliniachia mfongo, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Sikujua namna nyingine ya kuwaweka watu wengi kwenye kitu kimoja bila ugomvi, basi nikauendesha Umoja kama mfongo. Maji hayana mwenyewe, yana zamu. Mchoro wako nao nikaupangia zamu, kila karakana ya Moshi siku yake, na ratiba nikaibandika mlangoni. Jumatano ilikuwa ya Wenseslaus.

Jumanne moja ya Februari, mwaka uliofuata, alikuja mgeni. Wewe unajua, mtu anayeomba maji ya mfongo haleti karatasi. Analeta pombe ya mbege, anakaa chini, anaomba, na wazee wakishakunywa hawamnyimi. Huyu alikuja na dumu la mbege nzuri, akavua kofia, akaniamkia shikamoo ingawa tulilingana umri. Akasema anafungua karakana Korogwe na anaomba kuingia kwenye Umoja. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Nikanywa. Akaomba akae na mchoro siku moja ausome, nikampa, maana ningemnyimaje maji mtu ambaye mbege yake iko tumboni mwangu? Aliurudisha Alhamisi asubuhi umekunjwa vizuri, na sikumwona tena.

Ile Jumatano katikati, Wenseslaus alikuja kuchukua zamu yake. Niliona haya kumwambia nimemtanguliza mgeni. Nikamwambia mchoro umeingia doa la mafuta, nausafisha, aje kesho. Akaondoka bila swali.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Mwezi wa nane tukapeleka machela kwenye majaribio, tukamkuta mfanyabiashara wa Dar na machela zake kutoka ng'ambo, nyepesi, za bei ya chini, zimefungwa kwenye nailoni. Ulikunjua moja ukaigeuza upande upande. Kwenye bawaba ya kushoto kulikuwa na tundu lisilo na kazi yoyote, lile ulilolichora kwa kukosea ukaona uvivu kulifuta. Sisi wenyewe hatukuwahi kulitoboa. Wao walilitoboa kwenye kila machela.

Tuliporudi ukaugeuza mchoro, ukakuta nyuma mtu wa duka la kunakili ameandika kwa penseli namba na tarehe. Jumatano, 15 Februari. Ukaitazama ratiba mlangoni. Ukamwita Wenseslaus mwizi mbele ya watu wote, yeye uliyekula naye sahani moja tangu mkiwa mafundi wanafunzi. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Shedrack. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Mwezi uliofuata ulipanda basi. Umoja haukumaliza mwaka, na Wenseslaus hakupata tena kazi hapa mjini, maana nani atampa mchoro wake mtu aliyeuza mchoro? Akarudi kwao Kibosho kutengeneza makomeo ya mabanda ya ng'ombe. Nami nikabaki mwenyekiti wa Umoja usio na watu. Muhuri bado ninao mezani, naona aibu kuutupa.

Jumatatu iliyopita Margareta alituma ujumbe kwamba mgonjwa amezidiwa, anatakiwa hospitali, na daraja la kwao limechukuliwa na maji, gari halipandi. Nikaishusha machela yako ukutani, ile ya kwanza, ambayo haijawahi kubeba mtu. Nilishika mbele, Ildefonce, mdogo wake Wenseslaus, akashika nyuma. Njia ilikuwa tope tupu na mawe yaliyofukuliwa, lakini gurudumu halikukwama hata mara moja. Ningependa ungeiona inavyoshuka. Nilitamani kufurahi nikashindwa.

Tukapumzika kwenye kona, Ildefonce akaenda kumtafutia maji ya kunywa. Asubuhi ile nilikuwa nimekata jani la isale, la kuombea msamaha, pale mpakani kwetu nikaliweka mfukoni. Nikapiga goti kwenye tope nikampa. Nikamwambia, "Wense, ile Jumatano mchoro ulikuwa kwa mtu niliyempa mimi."

Alilishika lile jani muda mrefu. "Aika, mbe," akasema. Unajua alivyokuwa, anashukuru hata kwa msumari uliopinda. Kisha akasema, "Nilijua tangu siku ya doa. Mchoro wa penseli hausafishwi, unafutika."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanijibu kwa pumzi fupi fupi, "Ningesema, angekuchukia wewe. Mimi ni rafiki, rafiki anapata mwingine. Kaka atampata wapi?"

Ndipo akanirudishia jani. Akasema limeshafika kwake, sasa nilipeleke kwako.

Alhamisi, 11 Juni

Barua hii niliiacha hapo juu Jumapili, nikisema nitaimalizia nikipata utulivu. Wenseslaus amefariki juzi Jumanne, saa nne asubuhi, Margareta akiwa amemshika mkono. Jumapili ningeweza kuifunga nikaipeleka posta Jumatatu, na bado isingekuwahi, najua. Lakini nimeshazoea kuchelewa, na sitajisamehe kwa urahisi hata kwa hili.

Nilifikiri kuiandika upya, niondoe lile ombi kwamba umwandikie. Nimeliacha. Nimechoka kuficha.

Kuna jambo lingine lililonikuta jana. Yule afisa wa jeshi amemtuma mtu kuuliza kama Umoja wetu bado upo. Machela za ng'ambo zinakatika bawaba, na zote zinakatika palepale, kwenye lile tundu. Wanatafuta karakana ya mikoa hii inayoweza kutengeneza bawaba mpya. Nilimwambia huyo mjumbe kwamba mtu wa bawaba tulikuwa naye mmoja, na yuko chumba cha maiti. Akasema pole, akaandika kwenye daftari lake.

Mazishi ni Jumamosi huko Kibosho. Watakuja mafundi waliosikia ukimwita mwizi, angalau wale waliobaki mjini. Nimemwomba Margareta ruhusa ya kusema kabla jeneza halijashushwa, naye amenikubalia bila kuniangalia usoni. Nitasema yote, hata la mbege. Hilda nimeshamwambia, na tangu jana ananiwekea chakula mezani na kwenda kula chake jikoni. Mama hajui bado. Akijua, utamsikia huko huko Francistown.

Sasa ombi langu limebadilika. Mwandikie Margareta. Umwambie mumewe hakuiba kitu, na umwambie hivyo kwa mkono wako, maana neno lile lilitoka kinywani mwako ingawa mimi ndiye niliyelitia humo. Watoto wao wamelisikia shuleni miaka mitatu. Kwangu usiandike mpaka utakapojisikia. Ukiniandikia matusi nitayasoma, na nitayatunza.

Mama anakusalimu na anauliza utaletwa lini na hiyo nchi. Hilda na binti yetu Brenda wanakusalimu, Brenda sasa yuko darasa la saba na ana mikono yako, anafungua kila kitu na kushindwa kukirudisha. Msalimie Ruth, na Mungu aliyewatunza ugenini azidi kuwatunza, awaepushe na ndugu wanaoinama kufunga viatu.

Jani la isale liko humu ndani, nimelikunjia kwenye mchoro wako. Machela yenyewe nimeiacha kwa Margareta. Itampandisha Wenseslaus kutoka darajani Jumamosi. Jani litakuwa limekauka likikufikia. Mila inasema aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, ila haisemi lolote juu ya jani lililopita posta, wala juu ya jani ambalo marehemu alilishika kabla yako. Hilo nakuachia wewe.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata usipotaka,

Elimringi