Chati Uliyoichana Itakungoja Manga

Kwako Mwalimu Nyakundi, uliyekuwa rafiki yangu,

Nimeipata barua yako kutoka huko ulikohamishiwa. Unaniomba niandike risala ya kustaafu kwako, isomwe Desemba utakaporudi nyumbani Manga, kwani, wasema, hakuna anayekijua Kiswahili kama mimi. Nimekubali. Sasa yasome masharti yangu.

Unaukumbuka mwaka wa tisini na sita? Ulinibishia mlango alfajiri, koti juu ya pajama, tukapanda ukingo wa Manga, wewe, mimi na binti yangu Kemunto, kuitazama nyota yenye mkia. Ulimfunika shuka lako mabegani. Ulimweleza kwamba ile ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua, naye akakuamini kila neno. Ndiyo maana siwezi kukusamehe. Ni wewe uliyemfundisha kutazama juu.

Majuma machache baadaye redio ilitangaza kwamba darubini iliyo angani imeona eksirei zikitoka katika nyota ile, na kwamba wataalamu wenyewe wameshangaa. Kemunto aliandika kila alichosikia. Mama Jyoti wa duka la vitambaa mjini Kisii alimpa kalenda kuukuu. Nyuma ya kalenda hiyo binti akachora jua, mkia na darubini. Akaipeleka chati hiyo kwenye mashindano ya sayansi, nawe ulikuwa mwamuzi.

"Barafu inatoa eksirei wapi?" ulimwuliza mbele ya wazazi. "Kuna hospitali huko juu?"

"Redio ilisema, Mwalimu."

"Redio! Basi hiyo redio ikupatie na alama."

Watu walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa sababu ulikuwa rafiki yangu. Ndipo ukaichana chati vipande viwili, ukasema uongo hautundikwi ukutani. Muhula uliofuata Kemunto aliacha fizikia. Leo anashona sare za shule Kebirigo. Anashona vizuri, lakini hakuzaliwa kwa ajili ya vifungo.

Mwaka wa tisini na saba gazeti lilieleza chanzo cha eksirei hizo. Upepo wa jua hubeba chembe zenye chaji. Chembe hizo huinyang'anya gesi ya nyota ile elektroni, na katika unyang'anyi huo eksirei hutoka. Zimeonekana katika nyota nyingine zenye mkia pia. Nilikutumia gazeti hilo. Hukujibu. Umekumbuka kuniandikia ulipohitaji kusifiwa.

Mama yake Kemunto aliunganisha vipande vya chati kwa uji wa ngano. Chati ipo. Nilikusudia kuitundika nyuma ya kiti chako na kusoma risala polepole, ili kila aliyecheka asikie. Kemunto akanizuia, akiniita baba kwa Kigusii chetu.

"Tata, wewe usisome. Nitasoma mimi."

Nakuarifu mapema, kwa kuwa mimi si mtu wa kuvizia. Ile suti mkeo aliyoiagiza Kebirigo, mshonaji wake ni Kemunto. Itakukaa sawasawa. Ivae, uje, uketi kiti cha mbele. Ataanza na barafu, kama ulivyomfundisha ukingoni, kisha atafika kwenye eksirei. Hutaweza kuondoka, sherehe ni yako. Akimaliza, atakugeukia na kukuuliza: "Mwalimu, barafu inatoa eksirei wapi?"

Tayarisha jibu. Safari hii sitatabasamu.

Ni mimi,
Baba Kemunto