Jinsi Filamu Ilivyomuua Kaka

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Binamu,

Pokea salamu zetu kabla ya yote. U hali gani huko, na hiyo baridi mmeshazoeana au bado mnagombana? Shemeji na mtoto hawajambo? Goti lako je? Sisi ni wazima wa kutembea na kula, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imepooza, ukiingia utadhani tumehama.

Mimi bado niko kwenye duka la miwani, nauliza watu kutwa kama herufi wanaziona. Mama, shangazi yako, nimemtengenezea miwani mipya, maana alikuwa anasalimia makoti yaliyotundikwa mlangoni.

Unazikumbuka filamu zetu za kihistoria za Jumapili mchana? Hakuna aliyekuwa anafuata hadithi. Tulikuwa tunawinda makosa, na bingwa alikuwa mama. Yule mfalme wa kale mwenye alama ya chanjo begani, nani alimwona kwanza? Na lile jeshi lililotembea kwa miguu nchi nzima: "Haya matairi yamepita lini hapa?" Marehemu baba alikuwa anamsihi atuache tuone vita kwa amani. Mama hakuwahi kuisamehe filamu hata moja.

Sasa wametoa filamu ya vita vile mlivyopigana. Imeandikwa mwanzoni kabisa kwamba ni kisa cha kweli. Na kaka yangu yumo, Binamu, hadi jina lake la utani, Ngongoti, dereva wa lori la majeruhi. Sijui nani aliwasimulia. Humo anavusha majeruhi darajani, anapigwa risasi ya kifua, anashuka taratibu, analala chali shati likiwa limenyooka, kisha anatoa hotuba ndefu kuliko ya bwana harusi. Mwisho anasema, "Mwambieni mama sikuogopa." Muziki unapanda. Mimi nilipandwa na hasira.

Nikamgeukia mama, nikisubiri aichane vipande vipande. Badala yake, filamu ilipokwisha akaomba irudiwe.

Tangu siku hiyo, akimaliza kuosha vyombo, anaiangalia. Jirani akibisha hodi anakalishwa na kusimuliwa habari za daraja kana kwamba mama alikuwepo. Na yule mwigizaji anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa wa kulia! Unajua Ngongoti alivyokuwa mshoto wa kutupwa. Wewe uliyekaa ubavuni pake mezani ulikula viwiko mpaka mama akawabadilishia viti. Nilingoja aseme. Hakusema. Nikaanza kuogopa kwamba akili inamtoka, nikampeleka kwa daktari, akaniambia mama yako ana akili timamu kuliko sisi.

Unajua tulichopewa sisi. Sanduku lililofungwa, tukakatazwa kulifungua, na neno moja tu, kwamba alifia kazini. Wewe ulikuwa naye kwenye lori lile. Uliporudi ulikaa sebuleni kwetu, chai ikapoa mbele yako, ukasema, "Aliondoka vizuri, shangazi." Kisha ukasafiri. Sikulaumu. Hakuna kati yetu aliyethubutu kukuuliza zaidi.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaizima televisheni. Nikamwambia, "Mama, basi. Hawa wametia chumvi, si kweli."

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Unadhani sijauona huo mkono? Kila kitu nimekiona. Hata daraja lenyewe ni jipya, rangi bado inang'aa. Lakini mimi nilipewa sanduku. Huyu angalau ana uso."

Nilikaa chini nikalia, sitakuficha. Yeye hakulia. Baadaye aliniambia nikuandikie, nami nikadhani anataka umthibitishie habari ya daraja. Nilikuwa tayari hata kukuomba umdanganye. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie aniambie ilivyokuwa. Hata kama ni vibaya. Hata kama mwanangu aliogopa, hata kama aliniita. Nimechoka kumlilia mwigizaji."

Basi, ndugu yangu, nakuachia. Najua ninachokuomba ni kizito, na huenda wewe pia umekihifadhi mahali usipopenda kwenda. Ukiweza, jibu mwandikie yeye mwenyewe, si mimi. Nitampa bahasha, kisha nitatoka nje nimwache na mwanawe.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto. Shangazi yako anakusalimu, na jirani yetu fundi saa naye anakuulizia. Mungu akulinde na akupe usingizi mzuri.

Ndimi nikupendaye siku zote,
Dada yako mdogo