Sala ya Kuwarudisha Kwao

Mugoma, Jumapili, Mei 1972

Mama Nduwimana ameondoka na watoto wake, yule mdogo bado ana homa, na ni sisi, kanisa zima, tuliomfukuza kwa sala.

Tangu wavuke kutoka Burundi wakikimbia mauaji, walikuwa wakilala mle kanisani, kwenye majani makavu nyuma ya mimbari. Asubuhi mzee wa kanisa alisimama kuwaombea, machozi yakimtoka: "Ee Bwana, wahurumie wageni wetu, uwarudishe kwao upesi." Tukaitikia amina kwa nguvu.

Mama Nduwimana hajui Kiswahili. Akaninong'oneza kwa Kirundi, wanasema nini? Mimi Mhangaza, lugha zetu zinakaribiana, nikamfasiria neno kwa neno. Akawavuta watoto karibu naye. Nikadhani amefarijika!

Mchana nikawapelekea uji, nikakuta majani matupu.

Nikamkimbilia mzee. "Shikamoo, baba. Wageni wamekimbia. Wamedhani tunawarudisha."

"Marahaba. Lakini mwanangu, sisi tulimwambia Mungu, hatukumwambia mkuu wa wilaya."

Huyo mama angejuaje tofauti? Mumewe alichukuliwa na watu waliokuja nyumbani wakiongea kwa upole, tena kwa jina la serikali.

Wameonekana wakishika njia ya Kasulo. Huko ni pori, na mvua haijakatika tangu jioni. Yule mtoto...

Nimepiga magoti niwaombee. Nimesema "Ee Bwana, uwa..." nikakwama. Sijui nimwombe awapeleke wapi.