Sharti la Profesa Ilham

Tanta, Jumapili

Dada yangu mpenzi Sawsan,

Salamu nyingi zikufikie hapo Damanhur, wewe, shemeji Galal na watoto. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kumtukana fundi aliyezijenga. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na leo nalisema neno hilo kwa moyo wote.

Uliniuliza mafunzo ya kamera ya tumbo yanaendaje. Miezi miwili ya kwanza hatukugusa mgonjwa. Tulijifunzia matumbo ya ng'ombe yaliyotoka buchani: Profesa Ilham anatia dengu ndani, nasi tunapitisha mpira wenye kamera na kuziopoa moja moja kwa kitanzi cha waya. Mimi nilikuwa natoboa tu. Aliniuliza mbele ya wenzangu kama nimekuja kusomea udaktari au kuchimba mifereji ya shamba. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Kisha likaja sharti lake. Hakuna daktari atakayemwingizia mgonjwa ule mpira kabla hajaumeza yeye mwenyewe, tena bila dawa ya usingizi, maana asiyeonja adha ile hawezi kumhurumia mwingine. Dada, niliogopa! Siku ya zamu yangu nilikula makusudi sahani mbili za maharage ya ful, nikaenda kusema tumbo si tupu. Akanijibu kwamba ful ni tamu, ila kesho ipo, na hiyo kesho atanikagua mpaka meno.

Kesho yake nikaumeza. Machozi yalinitoka, wenzangu wakinitania kwamba mimba ya kwanza huwa hivyo hivyo. Ghafla Profesa akausimamisha mpira. Kwenye skrini palionekana doa dogo jekundu, upande wa chini wa tumbo langu. Akanyofoa kipande kidogo, akakipeleka kupimwa.

Sasa nikuambie nililokuficha wiki sita. Ilikuwa saratani, ile ile iliyomchukua mama. Lakini ilikuwa changa, haijazama. Profesa aliikata kwa kisu chembamba kupitia mdomoni, bila kunipasua, na wenzangu wakajifunzia hapo hapo. Majibu ya mwisho yametoka jana: imetoka yote. Sikukuambia kwa sababu ulimwuguza mama ukiwa na miaka kumi na tisa, ukanilea mimi, na sikuwa na uso wa kukuletea ugonjwa mwingine. Nisamehe.

Nilimwendea Profesa kumshukuru, nikalia badala ya kusema. Akaniambia shukrani nikae nazo, yeye anamtaka dada yangu, kwani ugonjwa huu hupenda kuzunguka katika nyumba moja.

Amekupangia Alhamisi. Atakayeshika mpira ni mimi, naye atasimama kando yangu. Dawa ya usingizi utapewa, usiogope. Mama tulimchelewea, Dada. Njoo nikuwahi wewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Mungu akuweke.

Ndugu yako akupendaye,
Bahgat